Chupa Mdomoni mwa Ziwa

Juzi mvua ilipokatika nilisimama karibu na daraja la mto Rusizi, upande wetu wa Cyangugu, nikatazama taka zikishuka kutoka Ziwa Kivu: chupa za maji, kidumu cha mawese, kandambili ya mtoto. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza plastiki za kutumia mara moja. Lakini mto haujui mpaka. Mvua huosha vilima vya Bukavu, ng'ambo nchini Kongo, na vya kwetu vilevile, mitaro humwaga Kivu, na ziwa hili kubwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, huu hapa. Kilomita chache chini, kwenye bwawa la Ruzizi I, taka hutanda juu ya maji kama mkeka, huziba mitambo ya umeme, na fundi cherehani hubaki gizani na nguo iliyoshonwa nusu. Huzolewa leo, kesho zimejaa tena; ni kudeki huku bomba linamwaga. Mimi nasema anayeuza kinywaji ndani ya chupa alazimishwe kuinunua tena ikiwa tupu, kwenye kingo zote mbili. Ile kandambili ilizunguka kidogo ukingoni, kisha maji yakaichukua.