Kwenye Narcos Wewe Si Pablo, Wewe Ni Kijana wa Nduthi

Ukitaka kuanzisha ngori kwa base, taja Narcos tu. Dakika mbili haziishi kabla wasee wagawanyike. Upande mmoja watakuambia hakuna series ya madawa imewahi kuifikia, na anayebisha ameanza kucheki TV jana. Upande wa pili watakuambia hiyo ni tangazo la episodi kumi la kufunza mayut kuuza unga. Halafu kuna yule wa kukaa kwa kona, atasema hivi: Wagner Moura hajui Kihispania, mimi nilitoka hapo.

Na hii vita si ya base yenu pekee. Series ilitoka Agosti 28, 2015, sisi wengi tukaipata kwa flash kutoka duka la muvi kabla Netflix ifike Kenya Januari 2016. Hadi leo watu hawajakubaliana. Tuichambue polepole, kwa sababu kila upande uko na point, na kuna kitu kimoja ambacho pande zote mbili huruka.

Wanaoipenda wanasema nini

Kwanza, kazi ilifanywa. Moura ni Mbrazili, lugha yake ni Kireno. Alienda Medellín, Colombia, akajifunza Kihispania kutoka zero na akaongeza karibu kilo 20 ili afanane na Escobar. Pedro Pascal naye, kabla dunia nzima ianze kumpenda, alikuwa hapo akiigiza Javier Peña wa DEA, kikosi cha Marekani cha kupambana na mihadarati. Wakachanganya uigizaji na video za habari za wakati huo, hadi ukawa hujui ni wapi stori inaisha na ukweli unaanza.

Pili, wanasema series haifichi mwisho. Desemba 2, 1993, tajiri aliyewahi kuwa na zoo yake mwenyewe anapigwa risasi juu ya paa la nyumba ya mtu huko Medellín, bila viatu, amebaki na bodigadi mmoja. Nani anaona hiyo na kusema, eh, mimi nataka kufa hivyo?

Point imeshika. Lakini ngoja.

Wanaoipinga wanasema nini

Wacolombia wengi walianza na lafudhi. Escobar alikuwa mtu wa Medellín, na watu wa huko wana Kihispania chao unachokijua hata macho yakiwa yamefungwa. Fikiria muvi kuhusu msee wa Dandora, halafu anaongea Kiswahili cha Kinshasa. Ungemaliza episodi ya kwanza kweli?

Halafu, ni nani anasimulia? Misimu miwili ya kwanza unaambiwa stori na Steve Murphy, karao wa Marekani. Colombia inakuwa mahali ambapo Mmarekani alienda kazi. Majaji, waandishi wa habari na polisi wa Colombia waliouawa kwa mamia wanabaki nyuma ya picha.

Na kuna ile ya Desemba 2016. Netflix waliweka bango kubwa katikati ya Madrid, Uhispania, sura ya Escobar na mzaha kuhusu Krismasi nyeupe. Serikali ya Colombia ikaomba litolewe. Kwako ni joke. Kwa mtu aliyezika ndugu yake Bogotá, joke iko wapi?

Usifikiri dawa ni kuwaachia Wacolombia watengeneze yao. Walishatengeneza, tena kabla ya Narcos. Mwaka 2012 stesheni ya Caracol ilitoa Escobar, el patrón del mal. Waliokuwa nyuma yake ni Juana Uribe, ambaye mamake alitekwa nyara na watu wa Escobar, na Camilo Cano, mtoto wa Guillermo Cano, mhariri wa gazeti la El Espectador aliyeuawa Desemba 1986. Hao ni watu walioumia kabisa. Na bado kuna Wacolombia walilalamika kwamba hata hiyo ilimfanya Escobar staa. Kumbe shida haiishi kwa sababu msimulizi amebadilika.

Sasa kile kitu tunaruka

Ukicheki series ya aina hii, kamera inakuweka kwa kiti cha bosi. Unahesabu ganji na yeye, unakasirika na yeye, karao wakikaribia unaomba atoroke. Na kama umesota, kodi ya keja imechelewa, kazi hakuna, ile stori ya kijana wa mtaa aliyeomoka inakugusa mahali. Sikulaumu. Ilitengenezwa ikuguse.

Lakini angalia hesabu. Aprili 30, 1984, waziri wa haki wa Colombia, Rodrigo Lara Bonilla, alikuwa kwa gari Bogotá. Alikuwa na miaka 37. Mwaka uliotangulia alikuwa amesimama bungeni akasema wazi pesa za Escobar zinatoka wapi, wakati Escobar mwenyewe ameingia Congress kama mheshimiwa. Vijana wawili kwa nduthi wakalifuata gari lake, mmoja akammiminia risasi. Waziri akafa. Aliyepiga risasi naye akafa palepale, aliyekuwa akiendesha akashikwa. Escobar, aliyewatuma, aliishi miaka mingine tisa.

Rudia hiyo stori tena, halafu jiulize: mimi na wewe, mayut wa mtaa tusio na connection, tungekuwa nani hapo? Si msee wa zoo. Tungekuwa kwa hiyo nduthi. Vijana waliotumwa kuua walitolewa kwa mitaa ya juu milimani Medellín, wengine bado watoto, wakilipwa pesa ambayo bosi hata hangeisikia ikitoka mfukoni. Mwaka 1991 pekee, zaidi ya watu 6,000 waliuawa Medellín, jiji ambalo wakati huo halikufika nusu ya Nairobi ya leo. Wengi wao walikuwa vijana wa kiume.

Na series yenyewe imekuonyesha hii, ni vile ulikuwa unamwangalia Pablo. Unakumbuka ndege ya Avianca? Novemba 27, 1989, watu wote 107 waliokuwa ndani walikufa. Kwa Narcos, anayebeba bomu ni kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Anapewa briefcase, anaambiwa ni mashine ya kurekodi mazungumzo. Anaamini anapewa nafasi ya kuomoka. Huyo ndiye character anayefanana na sisi kwa hiyo series nzima, na najua jina lake limekutoka.

Hapa kwetu je?

Unaweza kusema hayo ni ya Colombia. Sawa. Baktash na Ibrahim Akasha wa Mombasa walikubali mashtaka huko New York Oktoba 2018: heroini, meth, na kuhonga maafisa hapa Kenya ili kesi yao ikwame. Baktash akafungwa miaka 25, Ibrahim 23. Ikitengenezwa series ya hiyo kesi leo, unajua poster itakuwa ya nani. Haitakuwa ya teja wa Mombasa aliyeanza na kipimo kimoja akiwa na miaka kumi na saba. Haitakuwa ya mathe wake, aliyeuza hadi masufuria akimtafutia matibabu. Na hao ndio wengi.

Medellín walichoka na hii kitu. Februari 22, 2019, jiji lililipua jengo la Mónaco, nyumba ya Escobar ambapo watalii walikuwa wanakuja kupiga selfie. Mahali pake wakajenga bustani ya kumbukumbu ya waliouawa. Halikurudisha mtu, na watalii bado wanauziwa T-shirt za Pablo. Lakini angalau ukienda hapo sasa, unachokumbushwa si sofa yake.

Kwa hivyo, ucheki Narcos ama usicheki? Cheki. Ni series kali, na atakayekukataza hatakupea kitu kingine cha kufanya Jumapili. Kitu naomba ni kimoja: ukirudia msimu wa kwanza, usimfuate Pablo. Mfuate kijana wa nduthi, mfuate yule wa briefcase, hesabu wanaishi episodi ngapi. Ukimaliza, rudi kwa base utuambie kama bado unaiita stori ya kuomoka.