BWANA SHAMBA ANASEMA: Chagua Mshipi wa Sangara Utakaodumu

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maana yake, mtu anayechagua sana zana huenda anakwepa kazi. Methali hiyo inafaa shambani. Ziwani haitoshi. Mpini wa jembe ukivunjika, unachonga mwingine na shamba linakungoja. Mshipi ukikatika, samaki hakungoji. Anakwenda na ndoana, anakwenda na chambo, anakwenda na sare ya shule ya mtoto wako.

Labda utauliza, bwana shamba ana habari gani na ndoana? Sababu yake ni hii. Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Victoria mnalima mihogo na mahindi, na tena mnavua. Mara nyingi fedha ya samaki ndiyo inayonunua mbegu. Mvuvi akipata hasara, shamba nalo linapata hasara. Basi mwezi huu tuzungumze juu ya mshipi wa mkono wa kuvulia sangara.

SANGARA ANA NGUVU

Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Ni samaki mkubwa. Anaweza kufika urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200. Wengi mnaowapata ni wadogo kuliko hapo. Lakini hata sangara wa kilo 10 anavuta kwa kushtukiza, na huko kushtukiza ndiko kunakokata mshipi.

Tena kinywa chake kina meno madogo mengi, yanakwaruza kama msasa. Mifuniko ya mashavu yake ina ncha kali. Kwa hiyo mshipi huchakaa kwanza karibu na ndoana. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia.

Watalii wanaovua sangara, kama katika kisiwa cha Rubondo, hutumia fimbo na gurudumu la kukunjia mshipi. Zana hizo ni ghali. Wewe huzihitaji. Unahitaji vitu vinne tu: mshipi, ndoana, fundo na kibao. Lakini vyote vinne viwe imara. Kimoja kikiwa dhaifu, nguvu ya vile vitatu haikusaidii kitu.

1. MSHIPI

Nunua mshipi wa nailoni. Nailoni huzama majini. Kamba nyingi za plastiki za kufungia mizigo huelea, kwa hiyo hazifai kwa kazi hii.

Kwa sangara, unene wa milimita 1 unafaa. Tazama rula ya mwanafunzi. Nafasi kati ya vile vistari vidogo kabisa ni milimita 1.

Kabla ya kulipa, fanya hivi:

Kwanza, pitisha mshipi polepole kati ya kidole na ukucha. Ukisikia mikwaruzo au vinundu, uache.

Pili, utazame. Mshipi uliokaa juani dukani huwa mkavu na umefifia. Jua hula nailoni. Mwombe mwenye duka akupe ule uliokaa ndani ya boksi.

2. NDOANA

Wengi hukosea namba. Katika ndoana zinazouzwa mialoni, namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo. Namba 7 ni kubwa kuliko namba 12. Usichukue ndoana ndogo kwa sababu ya bei. Ndoana ndogo hunasa sangara wachanga. Sheria inakataza kuvua sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50. Wengi wa chini ya hapo hawajazaa hata mara moja. Ukiwamaliza leo, mwakani utavua nini?

Angalia tundu la ndoana. Liwe limefungwa kabisa. Likiwa na mwanya, mshipi utachomoka. Angalia na kile kijino cha nyuma ya ncha kinachomzuia samaki asiponyoke. Kiwe kizima.

Kisha ijaribu. Inase katika kigogo na uivute kwa koleo. Ndoana nzuri hupinda kidogo na kurudi. Ndoana mbaya hunyooka kama waya, au huvunjika. Nunua moja kwanza, uijaribu, ndipo ununue nyingine.

3. FUNDO

Mshipi hupoteza nguvu mahali penye fundo. Nailoni hupoteza nguvu nyingine ikilowa. Kwa hiyo fundo baya huharibu mshipi mzuri.

Pitisha mshipi katika tundu la ndoana. Uzungushe juu ya mshipi wenyewe mara 4 au 5. Rudisha ncha katika kitundu kilichobaki karibu na ndoana. Sasa lowanisha fundo kwa mate au maji, ndipo ukaze polepole. Usikaze fundo likiwa kavu. Likisuguana kavu hupata joto, na joto huidhoofisha nailoni.

4. KIBAO

Usikunje mshipi kwenye kijiti chembamba. Nailoni iliyokunjwa katika mzunguko mdogo hujikunja kama kamba ya mbuzi, na hupiga mafundo ndani ya mtumbwi. Chonga kibao chenye upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 30. Kata pengo kila upande wa mwisho. Laini kingo kwa msasa. Kibao hicho hakikugharimu kitu, nacho kitafanya kazi ya gurudumu la mtalii.

Mwisho wa mshipi funga dumu tupu la lita 5, lenye kifuniko kilichokazwa. Sangara mkubwa akikushinda, tupa dumu majini. Litaelea na kumchosha. Wewe utalifuata polepole.

Ndugu msomaji, soma maneno haya mara mbili. USIFUNGE MSHIPI MKONONI WALA KIUNONI. Samaki mkubwa anaweza kukuvuta majini. Akivuta kwa ghafla, mshipi unaweza kukata kidole. Kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli na uvivae vidoleni. Weka kisu karibu. Mshipi unanunulika tena. Mtu hanunuliki.

JARIBIO LA NDOO

Sasa jaribu vyote kwa pamoja, ukiwa bado nyumbani. Chukua ndoo ya lita 20 na uijaze maji. Uzito wake ni zaidi kidogo ya kilo 20. Nasa ndoana katika tawi nene la mti. Lowanisha mshipi na fundo. Upande wa pili wa mshipi funga katika mpini wa ndoo. Ndoo iwe shibiri moja tu kutoka chini. Watoto wakae mbali, na wewe usiweke uso karibu.

Iache ndoo ining'inie taratibu. Kisha iinue kidogo na uiachie mara tatu, kama samaki anavyoshtukia. Kama mshipi umekatika, tazama umekatika wapi. Umekatika katikati? Mshipi ni mbovu. Umekatika penye fundo? Jifunze tena kufunga. Ndoana imenyooka? Badili ndoana. Heri kumwaga maji uwanjani kuliko kupoteza sangara ziwani.

HESABU YA RAHISI NA GHALI

Tuseme mshipi dhaifu ni shilingi 4,000 nao unadumu mwezi 1. Tuseme mshipi mzuri ni shilingi 10,000 nao unadumu miezi 6. Katika miezi 6 utanunua mishipi dhaifu 6. Hizo ni shilingi 24,000. Aliyenunua mshipi mzuri ametumia 10,000. Amebakiwa na shilingi 14,000, na hatujahesabu samaki waliokwenda na mishipi iliyokatika. Bei hizi ni za mfano. Weka bei za mwaloni kwako na ufanye hesabu mwenyewe.

Wako wanaosema, "Sina shilingi 10,000. Tajiri wa samaki atanikopesha zana." Fikiri kwanza. Wengi waliokopa hivyo hulazimika kumwuzia tajiri yule yule samaki wote, kwa bei anayoitaka yeye. Deni la mshipi mmoja linaweza kukushika mwaka mzima. Ni afadhali ndugu wawili wachange, wanunue mshipi mmoja mzuri, wavue kwa zamu, na wa pili ununuliwe kwa fedha ya samaki. Utaanza na mshipi mmoja, lakini samaki ni wako na bei unasema wewe.

KUUTUNZA

Kila siku ukirudi, pitisha ukucha katika mita 2 za karibu na ndoana. Pamekwaruzika? Kata kipande hicho na ufunge fundo jipya. Usihurumie kipande cha mita 2 ukapoteza samaki wa kilo 10.

Osha utelezi wa samaki. Kausha kivulini, usiache juani. Noa ncha ya ndoana kwa tupa ndogo.

Baada ya miezi mitatu, geuza mshipi. Ncha iliyokuwa kwenye kibao sasa iende kwenye ndoana. Sehemu hiyo bado ni mpya. Hapo umepata mshipi wa pili bila kwenda dukani.

Kabla ya kuanza kuvua, mwone afisa uvuvi au viongozi wa mwalo wako. Watakueleza habari za leseni na vipimo vya samaki.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kati ya ndoana namba 7 na namba 12, ipi ni kubwa?

2. Kwa nini tunalowanisha fundo kabla ya kulikaza?

3. Mwaloni kwenu mshipi mzuri ni shilingi ngapi, nao unadumu miezi mingapi? Fanyeni hesabu ubaoni.

4. Katika kijiji chenu, ni nani anayepanga bei ya samaki? Mvuvi mwenye mshipi wake anaweza kufanya nini ambacho mwenye deni hawezi?

Someni, jadilini, kisha mkajaze ndoo.

Mimi, Bwana Shamba wenu.