Mgonjwa wa moyo akirudi Lupaso, nani atamfundisha habari ya chumvi?

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwapata 137,294 ndani ya miaka mitano. Wengi wetu tukimsikia mhudumu wa kijiji tunafikiria chanjo, malaria na uzito wa mtoto. Lakini shinikizo la damu na moyo kushindwa kufanya kazi navyo viko vijijini, na nusu ya tiba yake iko jikoni.

Chukua mfano wa Lupaso, kijiji cha Masasi alikozaliwa na kuzikwa Rais Benjamin Mkapa. Mgonjwa wa huko akilazwa Ndanda au Mkomaindo, maji yanapungua mwilini, pumzi inarudi, anaruhusiwa na dawa zake. Anaambiwa "punguza chumvi." Nyumbani anakuta ng'onda, dagaa wa chumvi na kisamvu kilichotiwa magadi. Baada ya wiki chache miguu imevimba tena, na familia inadhani dawa zimeshindwa.

Sababu ni hii: chumvi huvuta maji na kuyabakiza mwilini. Damu inaongezeka wingi, presha inapanda, na moyo uliochoka unasukuma mzigo usiouweza. Ndiyo maana neno "punguza" halitoshi. Mgonjwa anahitaji kipimo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilele. Wastani wa dunia ni gramu 10.8, zaidi ya mara mbili. Fanya hesabu ya nyumba yako: watu wazima watano hawapaswi kuzidi gramu 25 kwa siku, hivyo pakiti ya nusu kilo ikae angalau siku 20. Ikiisha kwa siku kumi, mmezidisha maradufu, na hapo hatujahesabu ya kwenye samaki.

Ukimuuguza mtu nyumbani, fanya haya:

Loweka samaki wa chumvi, mwaga maji, rudia tena kabla ya kupika. Hata hivyo chumvi haiishi yote, kwa hiyo asile kila siku.

Acha magadi na vidonge vya mchuzi. Magadi hayana ladha ya chumvi, lakini yana sodiamu ileile.

Ondoa kikopo cha chumvi mezani. Tia limau, kitunguu saumu, tangawizi, nazi au karanga. Ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Korosho kaanga bila chumvi.

Usimpikie mgonjwa chungu chake peke yake. Atajiona ametengwa, na watoto nao wanahitaji kujifunza mapema. Chakula cha mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hakihitaji kuongezwa chumvi kabisa.

Chumvi hiyo kidogo iwe yenye madini joto, kwa ajili ya kuzuia goita. Ukiuziwa chumvi mbadala yenye potasiamu, muulize daktari kwanza. Kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za moyo, inaweza kuwa hatari.

Mgonjwa wa moyo apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, miguu ikivimba au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Wala asiache dawa kwa sababu amepunguza chumvi.

Hapa ndipo mpango wa Serikali utapimwa. Mhudumu anayefika hadi mlangoni akiwa na mizani, kipimo cha presha na somo la kijiko cha chai anaweza kumwepusha mgonjwa na kulazwa tena. Akifika kwako, usimwishie ukumbini. Mkaribishe jikoni, mwonyeshe chungu.