Rangi ya mafuta haikaushi ukuta

Wenye nyumba wa Kasongo, leo tusikilizane. Familia zikifika kutoka upande wa Salamabila au Wamaza, kuna anayekimbilia kupaka rangi ya mafuta juu ya matofali ya chumba cha ndani, halafu anapandisha bei: chumba kimetengenezwa. Hapana. Kimefichwa.

Tofali la kuchoma hunyonya maji kama utambi wa taa. Nyumba zetu nyingi hazina kitu cha kuzuia maji ya ardhi yasipande ukutani. Ukuta mtupu huyatoa polepole hewani. Ukiufunga kwa rangi ya mafuta, maji yanabaki nyuma yake: rangi inavimba, inabambuka, unga mweupe wa chumvi unatokea, na karibu na kitanda unaota ukungu mweusi. Mtoto aliyetembea siku nyingi porini ndiye anayeuvuta usiku kucha. Akikohoa, mama anaambiwa ni baridi.

Wengine watasema wakimbizi washukuru kupata paa. Kwani shukrani inakausha ukuta? Hawa watu wanalipa, na asiye na pesa analipa kwa jembe katika shamba lako.

Kazi ianzie nje. Ziba mabati, chimba mfereji maji ya mvua yaende mbali, ondoa udongo uliolundikana ukutani. Ngoja kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Bandika kipande cha plastiki ukutani, ziba pande zote, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ukuta, weka brashi chini.

Ukishakauka, paka chokaa iliyozimwa majini, nyepesi kama maziwa, juu ya tofali lililonyunyiziwa maji, mara tatu. (Watoto wakae mbali, inachoma macho.) Chokaa inaleta mwangaza na inaacha ukuta upumue. Si ufukara huo: Mji Mkongwe wa Zanzibar, urithi wa dunia tangu mwaka 2000, umejengwa kwa mawe na chokaa. Na rangi ya zamani msiikwangue kavu watoto wakiwa ndani. Huenda ina risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto.

Machifu wa mitaa na komite za wakimbizi, kabla ya kukubali bei mpya ingieni chumbani, wekeni kiganja ukutani, shubiri moja juu ya sakafu. Kikitoka na maji, bei ibaki ya zamani mpaka mfereji uchimbwe.