Lugha ya Alama Haikuletwa kwa Meli

Wako miongoni mwetu, na baadhi yao ni wasomi, washikiliao kwamba lugha ya alama ni zawadi tuliyoletewa na wageni. Wengine huiita vituko vya mabubu. Kauli zote mbili ni kasumba, na yafaa zing'olewe.

Mwalimu wa Bariadi na atazame malishoni. Mtoto kiziwi achungaye ng'ombe pamoja na nduguze huwaonyesha pembe, maji na njia kwa mikono yake, nao humwelewa. Hakuna aliyemfundisha. Alama za nyumbani kama hizo ni mbegu: viziwi wakusanyikapo wengi mahali pamoja, mbegu huota ikawa lugha kamili, yenye sarufi yake.

Historia yashuhudia hivyo. Mwaka 1779 Pierre Desloges, kiziwi aliyekuwa mjalidi wa vitabu mjini Paris, aliandika kwamba viziwi wa mji ule walizungumza kwa alama pasipo kufundishwa na shule yoyote. Hapa kwetu, Kanisa Katoliki lilifungua shule ya kwanza ya viziwi mjini Tabora mwaka 1963. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Wanafunzi wa shule mbalimbali waliunda alama zao wenyewe, hata nchi ikawa na lugha za alama zipatazo saba. Mwaka 1984 ndipo Chama cha Viziwi Tanzania kilipopendekeza lugha moja sanifu. Basi ni mgeni gani huyo aliyetuletea lugha saba?

Walichotuletea wageni ni marufuku. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milan, Italia, karibu wote watu wasikiao, waliamua kwamba kiziwi afundishwe kwa kunena, na alama ziondoke darasani. Fikra hiyo ilienea duniani hata ikafika kwetu, na baadhi ya shule zetu zikakataza alama zilizozaliwa humo humo. Ilikuwa mwaka 2010, mjini Vancouver, Kanada, ndipo mkutano wa ukoo ule ule ulipoukana uamuzi huo.

Mkoloni alipotuambia kwamba lugha zetu hazifai kubeba elimu, tulighadhibika, na tulikuwa na haki. Iweje leo tumwambie kiziwi maneno yale yale? Mtoto kiziwi akikaa kimya darasani mwetu hapa Simiyu, tusimwite bubu. Bubu ni mwalimu asimamaye mbele yake bila kujua alama hata moja. Na ajifunze.