Elfu mbili za mama, na wajibu wa mwana



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, nawataka radhi wasomaji waliokuwa wakingojea sehemu ya pili ya maneno ya eda. Itakuja, inshallah. Nimerudi Jumatatu kutoka Kola, Machakos, na nimerudi na jambo nisiloweza kulinyamazia.

Kola ni mji mdogo wa soko katika njia itokayo Machakos kwenda Wote, na vilima vyake vimekatwa matuta tangu chini hadi juu. Ndiko alikozaliwa mama yangu. Aliolewa Mombasa, akasilimu, akatuzaa na kutulea, na baba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikaa eda yake ikaisha, kisha akatuambia anarudi kwao kulima. Sasa ana miaka 76. Yuko na ndugu yangu mdogo na mkewe, na kijiji kizima humwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

Wengi wenu mnaujua mpango wa serikali uitwao Inua Jamii. Ruzuku ya wazee ilianza kwa waliokuwa mafukara wa miaka 65 na zaidi, na mwaka 2018 ikafunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka 70 asiye na pensheni. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi zilikuwa zikilipwa za miezi miwili pamoja. Ndugu zetu wa Zanzibar nao, tangu Aprili 2016, wana Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70, tajiri kwa maskini. Ilianza kwa shilingi 20,000 za Tanzania na baadaye ikapandishwa hadi 50,000.

Nimewasikia baadhi yetu wakisema kwamba huu ni mtindo wa Wazungu. Si kweli. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, amepokea katika kitabu chake cha Kharaj kwamba Sayyidna Umar, radhiyallahu anhu, alimwona mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni. Akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwita mtunzaji wa Baitul-mal akamwamuru amwangalie huyo na wenzake, na kodi yao ikaondolewa. Si haki, kwa maoni ya Umar, kumla mtu ujana wake na kumtupa uzeeni. Kwa hiyo mimi naushukuru mpango huu, ingawa elfu mbili ile ile imekaa miaka zaidi ya 10 bila kupanda, na bei ya unga haikukaa.

Sasa nije kwenye lililonipeleka kuandika. Mama alipoanza kupokea ruzuku mwaka 2018, mimi nilikuwa nikimtumia shilingi 5,000 kila mwezi. Nikakaa nikapiga hesabu. Nikaona, alhamdulillah, serikali imenisaidia. Mwezi uliofuata nikamtumia 3,000. Sikumwambia, wala yeye hakuuliza. Nilikuwa na ada za watoto, na nafsi haikosi hoja. Hivyo ndivyo ilivyokwenda miaka yote hiyo, na mimi nikipanda mimbari na kuwaambia watu kuwa hata neno la kuguna kwa wazazi limekatazwa katika Sura ya Bani Israil.

Safari hii shemeji yangu alinionyesha kibati cha dawa za presha. Vidonge vilikuwa vimekatwa nusu kwa kisu. Malipo ya mpango huu huchelewa, wakati mwingine kwa miezi, na mama alikuwa ameamua kunywa nusu kidonge mpaka pesa ziingie. Nilipomuuliza mbona hakunipigia simu, alinijibu kwamba aliona mwenyewe nimepunguza, akajua nimezidiwa.

Mtu wa fiqhi ataniambia: nafaqa ya mzazi ni kwa mzazi mwenye haja, na mwenye kipato kingine haja yake imepungua. Hoja hiyo naijua; ndiyo niliyojidanganyia nayo. Lakini elfu mbili haifiki shilingi 70 kwa siku, na haina siku maalumu ya kufika. Nafaqa ni chakula, mavazi, makazi na tiba, kila siku yake. Mzazi akipungukiwa na kimojawapo nawe una cha ziada, deni ni lako. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inapotaja kwamba mzee ana haki ya kuangaliwa, imeitaja familia kwanza na Serikali baadaye.

Na wako wenye kosa kubwa kuliko langu. Nimewahi kuletewa shauri la kijana aliyeikalia kadi ya mama yake, akitoa pesa na kumpelekea mama anachoona kinatosha. Hoja yake ilikuwa kwamba bibi hajui matumizi. Ndugu yangu, ile ni mali yake. Akitaka kuinunulia leso, anunue. Akitaka kumpa mjukuu, ampe. Mtume alimwambia mwana kuwa yeye na mali yake ni vya baba yake. Hakuna mahali alipoambiwa mzazi kwamba yeye na mali yake ni vya mwanawe.

Nilimsindikiza mama kwa wakala siku ya malipo. Mashine ilivikataa vidole vyake mara tatu. Alama zimeliwa na jembe. Aliyekuwa akimpangusa vidole kwa kitambaa na kumtuliza ni shemeji yangu, ambaye siku hiyo aliacha shamba lake. Hapa nina neno na wanaume. Sheria haikumwajibisha mke kumhudumia mama mkwe. Akifanya, ni ihsani yake, na ihsani haiamrishwi kwa ukali wala haidaiwi kama kodi. Nyumba ngapi nimezisuluhisha ambamo mwana anahesabiwa kuwa mwema kwa wazazi, na mikono inayoosha na kupika si yake!

Nilikuwa nimekwenda na nia ya kumchukua mama nimlete Mombasa apumzike. Akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha tuta jipya. Wakamba wana mwethya, kazi ya pamoja kama ujima wetu. Wakoloni waliwahi kuwalazimisha watu wa Machakos kuchimba matuta. Baada ya uhuru, vikundi vya akina mama viliendelea kwa hiari yao, kwa kuwa faida waliiona wenyewe. Mama hachimbi tena kwa kutwa nzima. Hulima saa moja ya asubuhi, kisha hukaa kivulini na daftari, maana yeye ndiye mshika fedha wa kikundi, na wanawake wenye umri wa wajukuu zake humwendea kuuliza mpaka wa nani unaishia wapi. Mombasa ningempa kiti barazani na kumwambia asiguse kitu.

Imam Nawawi katika Minhaj amelipa nguvu kauli kwamba nafaqa ya mzazi maskini humlazimu mwana hata kama mzazi ana uwezo wa kuchuma, halazimishwi kazi. Nilipoisoma chuoni nilidhani maana yake ni kumkalisha. Lakini kutolazimishwa si kuzuiwa. Bibi zetu wa huku waliokuwa wakisuka ukili, waliokuwa wakisomesha watoto juzuu ukumbini, wangapi tumewanyang'anya kazi hizo kwa jina la heshima?

Jioni nilimwomba mama radhi na kumwambia nitalipa kila kilichopungua, mwezi kwa mwezi. Alicheka, akasema dawa ninunue, na hizo nyingine nimpe mke wa ndugu yangu. Yeye, kama nina haja sana ya kutoa, jembe lake limekwisha. Nililinunua Machakos mjini asubuhi yake nikampa dereva wa matatu alipeleke. Kesho yake alinipigia kusema mpini ni mrefu mno, ameukata.