Maua ya Plastiki Yatoke Uani Kwetu



Leo tuna neno, na atakayechukia atusamehe. Sisi tunaoshona magauni ya harusi tunaziona nyumba nyingi, maana huwafuata maharusi kuwapima majumbani kwao. Siku hizi ukisukuma mlango wa ua unalakiwa na mawaridi mekundu ya plastiki, yamejaa vumbi na yamepauka kwa jua. Ukiuliza, unaambiwa: "Maua ya kweli shida, ardhi yetu mawe matupu."

Si kweli. Bibi zetu walipanda mwasumini na mkilua kwenye mawe haya haya. Sisi tumeshindwa na nini?

Ua wenye jua kali, panda bogenvilia nyekundu. Haitaki maji mengi. Ukiizidishia inakupa majani tu. Penye ugo, panda hibiskasi, lile ua lenye ulimi mrefu. Omba kijiti kwa jirani, chomeka, mwagilia. Ua lake hudumu siku moja tu, lakini kesho limechanua jengine. Waridi ndilo lenye madeko: lataka jua kiasi cha masaa 6 kwa siku, samadi, na udongo mzuri. Basi lipande kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini.

Ila wekundu usikupofushe. Olianda inapendeza, lakini ni sumu kuanzia jani mpaka mzizi. Nyumba yenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni haina haja nayo.

Na wewe biharusi, sikiliza. Tulimshonea mmoja aliyeagiza shada la mawaridi kutoka bara kwa bei iliyokaribia mshono wa gauni zima. Siku ya pili shada liko jaani. Tulinyamaza, na tulikosea. Israfu Mola wetu ameikataza, hata siku ya furaha.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kinacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake. Plastiki inamlisha nani? Hata nyuki anaipita.

Kwa hiyo, ukituletea kitambaa cha gauni, tuombe na kijiti. Tumepanda mlangoni mwa duka, na hivyo hatuuzi. Panda leo, ili siku ya harusi yako ua la mkononi litoke uani kwa mama yako.

Wabillahi tawfiq.